Siku ya Kusawazisha Macho

Wanachuo walimwita Mizani, naye alijua, na ukitaka ukweli, jina lilimpendeza. Alikuwa mwalimu wa afya ya kinywa kwenye chuo cha madaktari wa meno, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama linaweza kusimama lenyewe. Somo lake halikuwa na mvuto. Wenzake walifundisha kung'oa, kuziba na kuunga taya zilizovunjika, mambo ambayo mwanafunzi akirudi nyumbani anaweza kujitapa nayo mbele ya shangazi zake. Yeye alifundisha namna ya kuwazuia watu wasiugue, na sijapata kuona shangazi anayepigia vigelegele ugonjwa ambao haukutokea.

Kila mwaka alikabidhiwa darasa la mwaka wa nne kwa miezi miwili. Aliwatoa kwenye kliniki yao yenye viti vya umeme na taa kubwa, akawapeleka shule za msingi, mahali ambapo kiti ni dawati na taa ni dirisha. Vifaa vyao vilikuwa kioo kidogo cha mdomoni, kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo, na fomu. Fomu ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Kila jino lilikuwa na kisanduku chake: sifuri kwa jino zima, moja kwa jino lililooza. Mwishoni hesabu zilikwenda wizarani, na wizara ikaamua shule zipi zipewe miswaki na dawa ya meno bila malipo. Kwa hiyo namba ikikosewa, watoto wa shule fulani wanakosa mswaki. Mizani alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa kutisha.

Tatizo ni kwamba macho ya watu hayafanani. Mmoja ataona doa, mwenzake ataapa kwamba ni tundu. Ndiyo maana kabla ya kazi kuanza kulikuwa na siku moja maalumu, aliyoiita siku ya kusawazisha macho. Watoto kumi walichaguliwa. Mizani aliwapima kwanza na kujaza fomu zake, kisha kila mwanachuo akawapima wale wale kumi, na jioni fomu zikalinganishwa. Fomu za Mizani ndizo zilizokuwa jibu. Mwanachuo aliyetofautiana naye mno hakuruhusiwa kumgusa mtoto mwingine mpaka jicho lake linyooke.

"Sitaki macho kumi na mawili," aliwaambia mwaka huo, wakiwa wamejipanga kwenye chumba cha darasa la kwanza. "Nataka jicho moja lenye mikono kumi na miwili."

Walicheka. Wanachuo wa mwaka wa nne hucheka lolote mwalimu anapokuwa na furaha.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloudhi. Mwanachuo mmoja waliyempa jina la Spika, kwa sababu alizaliwa bila kitufe cha kupunguza sauti, alisimama mbele ya darasa na mdomo mkubwa wa plasta mkononi, akawafundisha watoto kupiga mswaki na kusukutua kwa maji ya chumvi, kwa wimbo alioutunga mwenyewe njiani. Wimbo ulikuwa mbaya kweli kweli na watoto waliupenda sana. Mwalimu wa darasa, mama mnene mpole aliyezunguka na chaki sikioni, alicheka mpaka akakalia dawati la mwanafunzi na dawati likalalamika.

Mtoto namba saba kati ya wale kumi alikuwa msichana wa miaka sita ambaye shule nzima ilimwita Chiriku. Hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Alikaa kwenye dawati, akamtazama Mizani usoni na kuanza yeye kuuliza.

"Wewe una meno mangapi?"

"Thelathini na moja."

"Lingine liko wapi?"

"Lilioza, likang'olewa."

"Hukupiga mswaki?"

Darasa zima la wanachuo lilimeza kicheko kwa pamoja. Mizani mwenyewe alitabasamu, akamfungua kinywa na kumpima kwa dakika moja na nusu. Meno mawili ya mbele chini yalikuwa yakicheza, kama yanavyotakiwa kucheza kwa mtoto wa umri huo. Hakuna tundu hata moja. Akasoma namba kwa sauti ya chini, akaziandika: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Kinywa kama hicho ni zawadi.

Wanachuo wakafuata mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Darubini, msichana aliyevaa miwani mizito kama chini ya chupa, mkimya wa kupindukia, ambaye angeweza kukaa nawe safari ya siku mbili bila kukuuliza unakwenda wapi. Alimpima Chiriku kwa muda mrefu. Dakika tatu, nne, tano. Mizani aliangalia saa yake. Namba nane alikuwa amesimama mlangoni akichezea kifungo cha shati.

"Darubini, mwanangu, unapima jino au unalisomea dua?"

Wenzake wakacheka. Darubini akaandika kitu haraka, akamwachia mtoto.

Jioni walikaa kwenye chumba cha walimu, fomu zimetandazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Mizani alizipitia kwa rula na kalamu nyekundu. Spika alipita. Wengine walipita, huyu kwa shida, yule kwa ulaini. Alipofika kwenye fomu ya Darubini ya mtoto namba saba, rula ikasimama. Kwenye kisanduku cha gego la juu kushoto hapakuwa na sifuri wala moja. Palikuwa na alama ya kuuliza, na pembeni, kwa maandishi madogo ya penseli: linacheza, ana miaka sita, ufizi hapo umejaa kidogo.

"Hii ni nini?"

"Ni lile gego, Mwalimu. Nililigusa likacheza."

"Watoto wa miaka sita wanang'oka meno."

"Ya mbele, ndiyo. Lakini gego la utotoni huwa linasubiri mpaka miaka kumi, Mwalimu. Hata zaidi."

Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba Spika, aliyekaa kando yake, aliinama ili asikie. Alikuwa amesema kweli tupu, iliyomo kwenye kitabu cha mwaka wa pili, na Mizani aliijua kama anavyojua jina la mama yake.

Chiriku alikuwa bado uwanjani akimsubiri mama yake. Mizani akamwita dirishani, akamwambia apanue mdomo, akaingiza kidole chenye glavu na kuligusa lile gego. Lilicheza. Kidogo tu, kama msumari uliolegea ukutani. Kwa nusu ya pumzi kitu kikamgusa moyoni, kitu baridi kisicho na jina. Kisha Chiriku, aliyedhani wanashindana, akasukuma meno yake ya mbele kwa ulimi na kusema, "Na haya je! Haya yanacheza zaidi!" na chumba kizima kikacheka, na ile nusu ya pumzi ikapita.

Tumwonee huruma kidogo hapa, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakujionea. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Gari la chuo lilikuwa linanguruma nje. Shule tatu zilikuwa zinasubiri. Na mbele yake walikuwepo wanachuo kumi na wawili ambao tangu asubuhi amewahubiria kwamba jicho linapaswa kuwa moja.

"Darubini, umesoma vizuri, nakupongeza," alisema. "Lakini nijibu. Fomu inauliza nini?"

"Jino limeoza au halijaoza."

"Limeoza?"

"Halijaoza."

"Basi?"

Darubini aliitazama fomu yake.

"Basi ni sifuri. Sikilizeni wote. Hatupimi meno yanayocheza. Tukianza kuandika kila jino linalocheza kwa watoto wa rika hili, tutalala hapa. Pembeni mwa fomu hapahesabiki, kwa hiyo pasiandikwe kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Darubini alichukua kifutio. Alifuta maneno, akafuta na ile alama, akapulizia vumbi la kifutio, akaandika sifuri ya mviringo mzuri. Alama yake ya kukubaliana na fomu za Mizani ikapanda, Spika akampigia makofi, na gari likaondoka.

Kila mtoto aliyepimwa alipewa kadi ya kupeleka nyumbani. Kadi nyekundu ilisema mtoto apelekwe kliniki. Ya kijani ilisema: Kinywa salama, endelea kupiga mswaki mara mbili kwa siku, uchunguzi mwingine baada ya mwaka mmoja. Chini yake muhuri wa chuo, na saini ya Mizani. Kadi ya Chiriku ilikuwa ya kijani.

Kazi ya wiki mbili zilizofuata ilikwenda kama maji. Shule nne, watoto mia nne na kumi na wawili. Darubini, ambaye zamani alikuwa wa mwisho kila mahali, sasa alimaliza mapema kuliko wote, na Mizani alimsifu mbele ya wenzake. Fomu zilijaa kwenye katoni, safi, hazina maneno pembeni, na alipozijumlisha kwa majaribio namba zilikubaliana kwa namna ambayo hakuwahi kuiona katika miaka kumi na tisa ya kufundisha. Alilala usingizi mzuri. Nalisema hili kwa makusudi, kwamba alilala.

Utaratibu ulitaka wale watoto kumi wa kwanza wapimwe mara ya pili, kuhakikisha jicho halijapinda njiani. Basi Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo, asubuhi, Mizani alirudi kwenye ile shule ya kwanza pamoja na Darubini. Watoto walikuwa wameshaanza kupata wazimu wa kufunga shule. Walipangwa kwenye ukuta, akawahesabu. Tisa.

"Namba saba yuko wapi?"

Mwalimu wa darasa alitoa chaki sikioni, akairudisha. "Chiriku? Huyo hajaonekana wiki nzima sasa. Shavu limevimba."

"Limevimba tangu lini?"

"Wiki iliyopita lilikuwa dogo tu. Watoto walimtania wakasema kaficha pipi. Jumatatu hakuja. Nilikutana na mama yake sokoni nikamwambia ampeleke hospitali, akaniambia hapana, mtoto kapimwa na kadi anayo."

Mizani aliuvuta mkoba wake. Hakumtazama Darubini. Aliufungua, akatoa bahasha ya fomu za siku ile ya kwanza, akatafuta fomu ya mtoto namba saba yenye mwandiko wa msichana wa miwani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maneno yalikuwa yamefutwa lakini penseli ilikuwa imekandamiza karatasi. Ukiinamisha kidogo, yalisomeka yote. Linacheza. Ana miaka sita. Ufizi hapo umejaa kidogo.

"Tupeleke kwao," alimwambia mwalimu wa darasa. "Sasa hivi."

"Na hawa tisa?"

"Waache wacheze."

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa kulikuwa karibu: uchochoro wenye mfereji wa maji machafu katikati, duka la kuchaji simu, nyumba ndefu ya vyumba vingi na kamba za nguo uani. Mama Chiriku alikuwa fundi wa nguo. Chumba chake cha mbele kilikuwa ndicho kiwanda: cherehani karibu na mlango ili ipate mwanga, sare za shule zilizokatwa zikiwa zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi, pini ndani ya kipande cha sabuni. Alikuwa mwanamke kijana. Alipoona koti jeupe aliruka kutoka kwenye kiti, vipande vya kitambaa vikamdondoka mapajani.

"Shikamoo, Daktari! Jamani, mmekuja wenyewe mpaka nyumbani! Karibuni, karibuni, samahani kwa fujo hii."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani amelala. Ni uvimbe tu, Daktari, nampa maji ya chumvi asukutue kama yule kaka mwenye sauti kubwa alivyofundisha shuleni. Asubuhi na jioni, sijakosa hata siku moja." Alikuwa akisema huku akifungua droo ya cherehani, akatoa kadi ya kijani iliyotiwa kwenye mfuko wa nailoni isichafuke. "Wifi yangu ananipigia kelele kila siku, oo mpeleke hospitali, oo utakuja kujuta. Nikamwambia, wifi, madaktari kumi na watatu wamemtazama mtoto huyu mdomoni kwa siku moja. Kumi na watatu! Wewe na wao nani anajua? Akanyamaza kimya."

Alicheka akitegemea kwamba watacheka naye. Mwalimu wa darasa aliangalia sakafu.

Chiriku alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha ndani, uso umeelekea ukutani. Mama yake alimgeuza taratibu. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa na kung'aa, limevutwa mpaka mkunjo wa pua haupo tena, na jicho la upande huo limesukumwa juu kidogo, kidogo tu, kiasi cha kumfanya aonekane kama anayemtazama mtu aliyesimama nyuma yako. Hakuuliza swali lolote. Hilo lilimtisha Mizani kuliko jicho.

"Panua mdomo, mama."

Akapanua, si sana. Mizani alitumia tochi ya simu. Pale palipokuwa na gego moja lililolegea palikuwa na nyama nyekundu iliyofura, na magego mawili yaliyoelea juu yake yakielekea pande mbili tofauti. Hapakuwa na tundu. Ukijaza ile fomu sasa hivi, kwa masharti yake, ungeandika sifuri.

"Tunakwenda hospitali kuu," alisema.

"Leo hii? Nina sare kumi na nane za—"

"Sasa hivi, mwanangu. Mvike viatu."

Mama Chiriku alimtazama usoni, kisha akaitazama kadi aliyoishika, kisha akamtazama tena. Alianza kutafuta viatu, na mikono iliyoweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kutazama ilishindwa kufunga kamba ya kiatu cha mtoto.

Daktari wa watoto alikuwa mwanaume mfupi mwenye macho ya kuchoka, asiyepoteza neno. Alimbonyeza Chiriku shavuni, chini ya taya, tumboni. Tumboni alikaa muda mrefu. Akaagiza damu, picha, na kipande cha nyama kikatwe mchana huo huo. Kisha akawaita Mizani na mama pembeni ya pazia.

"Majibu kamili bado," alisema, "lakini sitaki kukuficheni. Nadhani ni saratani ya taya, aina ya watoto. Inatibika, tena wengi wanapona, wakiwahi. Shida yake ni mbio. Inaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Naona imeshateremka tumboni. Tutaanza dawa bila kuchelewa."

Mama Chiriku alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni.

"Dalili ya kwanza kabisa," daktari aliendelea, "mara nyingi ni gego kucheza kabla ya wakati wake. Hakuna aliyeliona?"

Mama alinyoosha mkono kutoka pale sakafuni, akampa ile kadi ndani ya nailoni. Daktari aliisoma. Alisoma na muhuri, na tarehe, na saini. Akamkabidhi Mizani, kwa adabu kabisa, akarudi nyuma ya pazia kwa mtoto.

Aibu ya namna hiyo haina pa kuiweka. Mizani alisimama na kadi mkononi. Mama Chiriku hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Darubini, aliyekuwa amejibanza kwenye mlango tangu walipofika.

"Dada," alimwambia, "mwanangu alinisimulia habari zako. Alisema yupo dada wa miwani aliyemtazama muda mrefu kuliko wote, mpaka akachoka kupanua. Wewe uliona nini siku ile?"

Darubini aligeuza uso kwa Mizani. Alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri asomewe jibu, kisha akasema, "Niliona alichoona Mwalimu."

Bega la mama lilishuka. Ilikuwa ni kama nafuu fulani, nafuu ya kusikitisha. "Basi," alisema polepole, "kama wote mliangalia na hamkuona, halikuwepo la kuonekana. Mungu ndiye aliyelificha."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Mizani angeweza kupita na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Nakiri kwamba wapo wengi ninaowafahamu, watu wazuri wenye vyeti ukutani, ambao wangepita.

"Hapana," Mizani alisema. Sauti ilitoka imekwaruza, akaanza upya. "Hapana, mwanangu. Lilionekana. Huyu binti aliliona na akaliandika. Mimi ndiye niliyemwambia afute. Na mimi mwenyewe niligusa lile gego kwa kidole changu na nikalisikia linacheza."

Mama Chiriku hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijiinua kwa kushika ukingo wa kiti, akajipangusa vumbi la sakafu kwenye gauni, na kipande cha uzi wa bluu wa sare za watoto wa watu kilikuwa bado kimemng'ang'ania begani.

"Kwa nini ulimwambia afute?"

"Nilitaka fomu zikubaliane."

Nyuma ya pazia Chiriku alilia mara moja, sindano ilipoingia, kisha akanyamaza.

"Na wengine?" mama aliuliza.

"Wengine gani?"

"Mlipima shule ngapi? Watoto wangapi? Wangu umekuja kumfuata mwenyewe nyumbani, kwa kuwa alikosekana kwenye mstari. Na wengine je, Daktari? Nao wana kadi za kijani?"

Akaingia nyuma ya pazia kwa mwanawe, na pazia likafungwa.

Mizani alitoka kwenda kwenye ukumbi ulionuka dawa ya kupigia deki. Akaegemea ukuta. Mia nne na kumi na wawili. Aliiona ile katoni ofisini kwake, fomu zote safi, na kwa mara ya kwanza akaelewa usafi wake. Zilikuwa na namba za watoto, si majina. Zilikuwa na sifuri, na sifuri ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba jino halijaoza. Angezipekua usiku na mchana na zisingemwambia lolote zaidi. Pembeni hapakuandikwa kitu, kwa amri yake.

Lakini watu wana kumbukumbu hata kama karatasi hazina. Kama Darubini aliliona gego moja, huenda aliona jingine. Aligeuka. Msichana alikuwa amemfuata, amesimama hatua tatu nyuma, mikono ameikunja mbele kama wakati wa mtihani.

"Darubini, sikiliza. Wewe peke yako ulipima watoto thelathini na sita. Yupo mwingine ambaye jino lake lilicheza pasipo wakati? Au ufizi umejaa? Hata kama hukuandika. Hata kama huna hakika. Sitakukaripia, naapa. Jaribu kukumbuka."

Msichana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Alifikiri kwa dhati, hilo lilionekana.

"Sijui, Mwalimu."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Sikuangalia." Alisema bila lawama, na bila woga, kama mtu anayetoa taarifa. "Mwanzoni niliangalia, wale wawili watatu wa kwanza. Halafu nikaona kitu usichotakiwa kukiandika, ukikiangalia unajichosha bure. Nikawa nafungua mdomo, natafuta kilichooza, nafunga. Baada ya siku mbili hata kuyagusa sikuyagusa tena."

"Na wenzako?"

"Wenzangu hawakuwahi kuangalia, Mwalimu. Siku ile ya kwanza yenyewe ni mimi tu."

Mizani alitoa simu. Akapiga namba ya mwalimu mkuu wa shule ya pili. Kwenye saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tisa alasiri. Shule zote nne zilikuwa zimefunga tangu saa sita mchana, watoto wametawanyika, wengine na mabegi yao kwenda kwa bibi na shangazi, mpaka mwezi ujao. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga ya shule ya tatu.